Kocha Anapokubali Mshahara Mdogo, Tofauti Inalipwa na Nani?

Februari 2024, Chip Kelly aliacha kazi ya ukocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kinachojulikana zaidi kwa jina la UCLA, ambako alikuwa akilipwa takriban dola milioni 6 kwa mwaka, akaenda Chuo Kikuu cha Ohio State kuwa mratibu wa mashambulizi, yaani kocha msaidizi, kwa takriban dola milioni 2. Katika nchi ambayo kocha wa timu ya chuo kikuu cha umma mara nyingi ndiye mtumishi wa serikali anayelipwa kuliko wote katika jimbo lake, gavana akiwemo, uamuzi huo ulizua maneno mengi. Wapo waliosema ameshindwa kazi na anatafuta pa kujificha, na wapo waliomsifu kwamba ameutanguliza mchezo kuliko fedha. Maelezo yote mawili yanaridhisha upesi mno. Mtu anayeshuka kutoka milioni 6 hadi milioni 2 ana wakala, ana wakili na ana mkataba wenye kurasa nyingi, kwa hiyo kabla ya kumlaumu au kumpongeza inafaa kuuliza pengo la milioni 4 limejazwa na nini, na limejazwa na nani.

Jibu linaanzia kwenye namna mikataba hiyo inavyoandikwa. Chuo kinachotaka kushinda kinahitaji kuwavuta vijana wa miaka 17 na 18 kutoka shule za sekondari, na kijana hachagui majengo, anamchagua kocha. Kocha ambaye mkataba wake umebakiza mwaka mmoja anaonekana kwa familia ya kijana huyo kama mtu aliye njiani kuondoka, na wapinzani hawachelewi kulisema hilo. Kwa sababu hiyo kila msimu mzuri huleta nyongeza ya miaka, na kila nyongeza huja na fedha zilizohakikishwa, ambazo chuo kitazilipa hata kama kibarua cha kocha kitaota nyasi kesho yake, mradi asiwe amefukuzwa kwa kosa. Texas A&M ilipomfukuza kocha wake mkuu, Jimbo Fisher, Novemba 2023, deni lililobaki lilizidi dola milioni 75, na mkataba wake haukuruhusu hata senti moja kupunguzwa iwapo angepata kazi kwingine.

Mkataba wa Fisher ulikuwa wa kupindukia. Mikataba mingi huwa na kifungu kinachofahamika kwa wanasheria kama wajibu wa kupunguza hasara: kocha aliyefukuzwa anatakiwa kutafuta kazi nyingine kwa juhudi zinazostahili, na kile atakachokipata huko kitapunguzwa katika fidia anayodai kwa mwajiri wa zamani. Kifungu hicho kiliwekwa kuvilinda vyuo. Ukikisoma kwa jicho la mwajiri mpya, kina maana nyingine kabisa.

Chuo Kikuu cha Tennessee kilimfukuza kocha wake mkuu, Butch Jones, Novemba 2017, kikabaki kikidaiwa naye zaidi ya dola milioni 8 za kulipwa kwa awamu hadi Februari 2021. Mwaka 2018 Jones aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Alabama kama mchambuzi, yaani mtu wa ofisini anayechambua video za michezo, kwa mshahara wa dola 35,000 kwa mwaka. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Kama Alabama ingempa dola 500,000, fidia ya Tennessee ingepungua kwa kiasi hichohicho au karibu na hapo, na Jones angebaki pale alipokuwa. Fedha hizo zingetoka mfukoni mwa Alabama na kuishia mfukoni mwa Tennessee, zikipita tu mkononi mwake. Mkurugenzi wa michezo gani angekubali kulipa ankara ya namna hiyo? Alabama ilimpata mtu aliyewahi kuwa kocha mkuu katika ligi yake yenyewe, kwa mshahara wa karani anayeanza kazi, na Jones naye hakupoteza chochote kwa kuukubali.

Kilichofanya kisa hiki kiwe kichungu zaidi kwa watu wa Tennessee ni kwamba Alabama ni hasimu wao wa tangu enzi, timu wanayokutana nayo kila Oktoba katika mchezo ambao mshindi huwasha sigara kubwa chumbani baada ya kipenga cha mwisho. Kwa misimu mitatu Tennessee ilimlipa mtu aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi za hasimu wake. Alabama ilishinda mchezo huo kwa 58–21 mwaka 2018, kwa 35–13 mwaka 2019 na kwa 48–17 mwaka 2020. Sidai kwamba Jones ndiye aliyeyaleta matokeo hayo, kwa maana Alabama ya kocha mkuu Nick Saban ya miaka ile ingeshinda hata bila yeye. Ninachosema ni kwamba kifungu kilichoandikwa ili kupunguza gharama za Tennessee kiligeuka kuwa ruzuku kwa mpinzani wake, na hakuna aliyevunja sheria yoyote.

Saban alikuwa amekwishaifanya Alabama mahali ambapo makocha waliofungashiwa virago hujenga upya majina yao. Lane Kiffin alifika 2014 kuwa mratibu wa mashambulizi baada ya kufukuzwa na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Steve Sarkisian, ambaye pia alifukuzwa na chuo hichohicho, alifika 2016 kama mchambuzi, akarudi baadaye kuwa mratibu, na kutoka hapo akakabidhiwa timu ya Texas. Jones mwenyewe alipata ukocha mkuu wa Arkansas State Desemba 2020, miezi michache tu kabla ya awamu za Tennessee kumalizika, na sidhani kwamba ukaribu wa tarehe hizo ulikuwa wa bahati. Mshahara mdogo wa Alabama ulikuwa karo ya kukaa katika shule hiyo, na karo yenyewe ililipwa na mtu mwingine.

Wapo waliojaribu kuupinga mtindo huu. Arkansas ilimfukuza Bret Bielema mwaka 2017, na mfuko wa wafadhili wa michezo wa chuo hicho, ambao ndio uliobeba dhamana ya fidia yake, ulimlipa kwa muda kisha ukasimamisha malipo. Hoja yake ilikuwa kwamba Bielema, aliyekwenda kufanya kazi ya mshahara mdogo chini ya kocha Bill Belichick katika timu ya kulipwa ya New England Patriots, hakuwa akitafuta kazi ya ukocha mkuu kwa dhati, na kwamba alikuwa akijiweka mahali ambapo fidia haitaguswa. Bielema alifungua kesi mwaka 2020 akidai dola milioni 7, mfuko nao ukamfungulia madai, na mwaka uliofuata pande zote zikamalizana nje ya hukumu. Ni jambo la kusikitisha kwa sisi tunaofuatilia mambo haya, kwa sababu mahakama ingetusaidia kujua juhudi zinazostahili ni zipi kwa mtu wa kada hiyo. Je, kocha anayechagua kujifunza kwa Belichick kwa fedha kidogo amezembea kutafuta kazi, au amefanya uamuzi wa busara ambao mtu yeyote mwenye malengo ya mbali angeufanya? Binafsi naona mfuko ulikuwa na hoja, lakini mkataba ulikuwa na sahihi yake, na aliyekubali neno legelege kwenye mkataba hawezi baadaye kulisoma kama neno kali.

Lakini fidia haielezi kila kitu. Gus Malzahn alipofukuzwa ukocha mkuu na Chuo Kikuu cha Auburn Desemba 2020, alistahili dola milioni 21.45, na mkataba wake haukuwa na kifungu cha kupunguza hata kidogo. Angeweza kudai mshahara wa juu mahali popote bila kuathiri fidia hiyo. Alikwenda Central Florida kwa takriban dola milioni 2.3 katika mwaka wa kwanza, theluthi moja hivi ya alichokuwa akipata Auburn. Hapo hakuna hila ya mkataba. Kuna mtu ambaye milioni ya ziada haiwezi kubadilisha maisha yake tena, na kwa mtu wa namna hiyo vitu vingine hupanda thamani: kuanza kazi mara moja badala ya kukaa nje ya mchezo mwaka mzima, kuchagua mahali pa kuishi, na kupata chuo ambacho hakitamfukuza kwa kushinda michezo minane badala ya kumi. Mwishoni mwa 2024, baada ya msimu wa ushindi mara nne na vipigo vinane, aliacha ukocha mkuu huo akawa mratibu wa mashambulizi wa Florida State chini ya Mike Norvell, ambaye miaka mingi nyuma alikuwa kijana msaidizi katika benchi la ufundi la Tulsa wakati Malzahn akiwa mratibu huko.

Uhusiano wa aina hiyo unajirudia mno kuweza kupuuzwa, nao unaturudisha kwa Kelly. Ryan Day, kocha mkuu wa Ohio State aliyemwajiri, alikuwa kwotabeki wa New Hampshire, mchezaji anayeongoza mashambulizi, wakati Kelly akiwa mratibu wa timu hiyo, na baadaye Kelly alimwajiri katika timu za kulipwa za Philadelphia Eagles na San Francisco 49ers. Kwa hiyo mwalimu alikuwa akienda kufanya kazi chini ya mwanafunzi wake. Baadhi ya watu waliona aibu kwa niaba yake. Mimi naona kwamba hakuna mwajiri salama zaidi kwa mtu aliyepungukiwa na sifa kuliko yule anayemfahamu tangu zamani, ambaye hahitaji kusoma magazeti ili ajue uwezo wake.

Na Kelly alikuwa amekalia kuti kavu. Katika misimu sita UCLA alishinda michezo 35 na kupoteza 34, mwishoni mwa 2023 habari za kufukuzwa kwake zilizagaa, na timu ilikuwa njiani kuingia katika ligi ya Big Ten, ambako Ohio State, Michigan na Penn State hazina huruma na mgeni. Hapa ndipo kisa chake kinapotofautiana na cha Jones. Jones alifukuzwa, kwa hiyo alilipwa. Kelly alijiuzulu, na anayejiuzulu haachiwi fidia. Kama angekuwa mtu wa kupiga hesabu ya fedha peke yake, jambo la faida lingekuwa kubaki, kuvumilia msimu mmoja au miwili ya kuzomewa, na kusubiri barua. Aliamua kutoipokea barua hiyo. Alieleza baadaye kwamba Desemba 2023, wakati UCLA ikijiandaa na mchezo wa mwisho wa msimu dhidi ya Boise State, alilazimika kuwafundisha makwotabeki mwenyewe kwa sababu kocha wao alikuwa ameondoka, na kwamba siku hizo zilimkumbusha kazi aliyoipenda.

Ningelipokea maelezo hayo kwa tabasamu la mashaka kama kazi ya kocha mkuu isingekuwa imebadilika kiasi ilivyobadilika. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na sheria za uhamisho zimelegezwa hadi mchezaji anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu mmoja kama ilivyokuwa zamani. Mwezi Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano yanayovipa vyuo ruhusa ya kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, kwa maana vijana walizalisha mabilioni kwa miaka mingi huku wakilipwa ada ya masomo na chakula. Hata hivyo, matokeo yake kwa kocha mkuu ni kwamba Desemba yake imejaa simu za mawakala, vikao na matajiri wanaoombwa kuchangia, na mazungumzo na wachezaji wake mwenyewe ambao anatakiwa kuwasajili upya kabla ya kusajili wengine. Mratibu hafanyi sehemu kubwa ya hayo. Anaangalia video, anaandika mipango ya mchezo, anafundisha. Jeff Hafley aliiacha Boston College Januari 2024 na kwenda kuwa mratibu wa ulinzi wa timu ya kulipwa ya Green Bay Packers, na walio karibu naye walieleza kwamba alitaka kurudi kwenye ufundishaji wenyewe. Katika timu za kulipwa, usajili ni kazi ya ofisi nyingine.

Kwa mtazamo huo, dola milioni 4 ambazo Kelly aliziacha zilikuwa kwa sehemu malipo ya kazi ambayo hakuitaka tena. Kazi ikiondolewa, malipo yake nayo yanaondoka, na hakuna muujiza katika hilo.

Kilichofuata kinaharibu kidogo picha ya mtu aliyejinyima. Ohio State ilitwaa ubingwa wa taifa Januari 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34–23, na ndani ya wiki chache Kelly akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Las Vegas Raiders kuwa mratibu wao kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola milioni 6, sawa na ule alioacha UCLA. Kupunguziwa kwake kulidumu msimu mmoja tu. Raiders walimfukuza Novemba 2025, kabla hata msimu haujaisha, kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba alikuwa na ramani ya siri. Lakini asingefika kwenye soko la milioni 6 akitokea UCLA yenye vipigo vingi katika Big Ten.

Tahadhari moja ni muhimu hapa, kwa sababu majira yaleyale ya baridi ya 2024 yalichanganywa sana na wachambuzi. Kushuka cheo na kushuka mshahara ni mambo mawili. Kane Wommack aliacha ukocha mkuu wa South Alabama na Maurice Linguist akaacha ule wa Buffalo, wote wakaenda kuwa wasaidizi Alabama, na wakaorodheshwa pamoja na Kelly kama watu waliojishusha. Chuo tajiri humlipa mratibu wake zaidi ya chuo kidogo kinavyomlipa kocha mkuu, kwa hiyo habari ya kujishusha haikuwepo. Shawn Elliott ni mfano wa aina nyingine: alikuwa kocha mkuu wa Georgia State mjini Atlanta kwa misimu saba, huku familia yake ikiishi Columbia, zaidi ya kilomita 300 kutoka huko, na Februari 2024 akarudi Columbia kuwa msaidizi katika Chuo Kikuu cha South Carolina. Huyo simfanyii uchambuzi wowote. Mtu aliyekuwa akiishi mbali na familia yake kiasi hicho hahitaji mkataba kumweleza.

Jim Harbaugh naye anastahili kutajwa, ingawa hakuhama. Baada ya Michigan kushinda michezo miwili na kupoteza minne mwaka 2020, alikubali mkataba mpya uliopunguza mshahara wake kutoka takriban dola milioni 8 hadi milioni 4, na sehemu kubwa ya kilichobaki ikageuzwa kuwa bonasi za ushindi. Chuo kilimuuzia muda, naye akaulipia kwa nusu ya mshahara. Alishinda Big Ten mwaka 2021, akaipiga Ohio State, akazitoa bonasi zake kwa wafanyakazi wa idara ya michezo waliokatwa mishahara wakati wa janga la korona, na misimu miwili baadaye akatwaa ubingwa wa taifa. Ni biashara chache za futiboli ambazo pande zote mbili zilipata faida kiasi hicho.

Vyuo vinajifunza, polepole. Penn State ilimfukuza James Franklin Oktoba 2025 ikiwa na deni la takriban dola milioni 49 kwake. Mwezi uliofuata aliajiriwa na Virginia Tech kwa mshahara wa kocha mkuu kamili, na fidia ikaripotiwa kumalizwa kwa dola milioni 9. Baadhi ya mikataba mipya sasa inadai kwamba mshahara wa kazi inayofuata ulingane na bei ya soko, ili yasitokee tena mambo ya dola 35,000. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, nayo ilimfukuza Brian Kelly, ambaye hana undugu na Chip, mwezi huohuo wa Oktoba, ikiwa na deni la takriban dola milioni 54, na mkataba wake una wajibu wa kupunguza hasara. Kazi yoyote atakayoifanya katika miaka ya fidia hiyo itahesabiwa senti kwa senti.

Kuna kundi moja ambalo halitajwi katika mazungumzo haya. Kazi ya mchambuzi kwa dola 35,000 haikubuniwa kwa ajili ya Butch Jones. Ni ngazi ya chini kabisa ambayo kijana wa miaka 25, aliyemaliza kucheza na anayetaka ukocha, huipanda kwa kulala ofisini na kukata video usiku kucha. Hadi Juni 2024 sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hazikumruhusu hata kuwafundisha wachezaji uwanjani. Kijana huyo hana Tennessee inayomtumia awamu kila mwezi, na kodi ya nyumba anailipa kwa mshahara huohuo. Kocha mwenye fidia ya mamilioni anapokalia kiti hicho kwa misimu mitatu, chuo kilichomwajiri kinapata nafuu, kocha anapata jina jipya, na nafasi ya kijana inakuwa imejaa.